Roshani ya Wakaguzi

Jumanne, 4 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nisamehe kwa kimya changu kirefu. Mama ameniambia kwamba kila unapofika kwake hukosi kuuliza, "Yule mwenyekiti wenu bado anajua kuandika?" Bado ninajua. Kilichonimeza ni ukumbi.

Tumemaliza, Mjomba. Chama cha Wakaguzi wa Majengo wa Kanda sasa kina jengo lake. Hatutaazima tena darasa la shule ya msingi na kukalia madawati ya watoto, magoti yakitugusa kidevu huku tukijadili upana wa ngazi. Tuna jukwaa, tuna vyoo vinavyofunga, na tuna roshani inayotokeza juu ya safu za nyuma bila nguzo hata moja mbele, ili aliyekaa chini asizuiwe kuona jukwaa. Mchoraji ni mwanachama mwenzetu.

Siku ya kumwaga zege la roshani ilikuwa kama harusi. Asubuhi tulikuwa na semina ya kanuni mpya, na baada ya chakula tukaja kiwanjani wote, kila mkaguzi wa kila wilaya, na kofia zetu mpya za kazi. Kabla zege halijamwagwa tulipanda juu ya nondo, tukajipanga kwa picha, warefu nyuma na wafupi mbele. Mpiga picha akatuambia turuke. Tukaruka, Mjomba! Mara tatu, kwa sababu Katibu alikuwa akifumba macho. Mmoja wetu akasema, "Leo nani atathubutu kusema jengo hili halikukaguliwa?" Tukacheka sana.

Ufunguzi ni Jumamosi, tarehe 8 Machi, pamoja na mkutano wa mwaka. Kwaya ya akina mama itaimba kutoka roshani, na mama amekwisha kushona sare. Wanachama wamekubali kwa kauli moja kuuita Ukumbi wa Timazi, kwa ile kamba yako yenye uzito mwishoni uliyokuwa ukiitoa mfukoni kila ulipoingia katika jengo la mtu. Wengi wetu hatukujua jina lako jingine mpaka ulipostaafu.

Andika utakapoweza.

Mpwa wako

*

Jumatatu, 10 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Kimya chako nimekisamehe. Barua yako sijaisamehe.

Nani alikagua nondo za roshani kabla ya zege kumwagwa? Nataka mtu mmoja. Usiniandikie "wanachama", wala "sisi sote", wala "tulikuwepo". Nataka mtu mmoja aliyepanda na futi mkononi, akainama, akapima, akashuka, akasema mwageni au akasema msimwage.

Nilikufundisha mimi mwenyewe, mwaka wako wa kwanza kazini, ukiwa na viatu vipya vilivyokubana. Roshani isiyo na nguzo mbele inashikwa na nondo za juu. Ni kama mtu anayening'inia kwenye ukingo wa ukuta: akilegeza vidole, anaanguka, hata awe na miguu ya namna gani. Nondo zile hukaa juu ya vijiti vyembamba vya waya, na vijiti hivyo havikutengenezwa kubeba watu. Ndiyo maana fundi hukanyagia mbao. Nanyi mkapanda, watu wazima wenye vyeti, na matumbo ya semina, mkaruka. Mara tatu! Kwa sababu Katibu alifumba macho!

Zikishuka hadi chini, zege litafunika kila kitu, litapakwa lipu, litapendeza, na halitakuwa limeshikwa na chochote. Halafu mnampandisha dada yangu juu yake na sare mpya.

Jina langu liondoeni ukutani mpaka nijibiwe.

Mjomba wako

*

Jumamosi, 15 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Umeniandikia kama mtu aliyekuta mwizi chumbani kwake.

Unajua kanuni yetu vizuri kuliko mimi: mkaguzi haruhusiwi kukagua jengo ambalo ana sehemu ndani yake. Ukumbi ni mali ya Chama, na wakaguzi wote wa kanda ni wanachama. Kwa hiyo, kwa utaratibu, hakuna miongoni mwetu aliyeruhusiwa kuukagua. Lakini kwa kuwa sote ni wakaguzi, macho ya sote yaliuona tangu msingi. Kamati imeridhika kwamba hali hiyo inatosha, na kwa kweli inazidi kiwango.

Najua utasema tuwaite wa kanda jirani. Ni wale wale waliotuita "wapaka chokaa" katikati ya mkutano, na mwenyekiti wao, Mama Kipimo, akapiga makofi. Hilo halitafanyika nikiwa mwenyekiti.

Zulia limekwisha kutandikwa na viti vimefungwa. Njoo siku ya ufunguzi uone mwenyewe. Tafadhali usimwambie mama maneno haya. Presha yake imepanda tena.

Mpwa wako,
Mwenyekiti wa Chama

*

Alhamisi, 20 Februari

Mwenyekiti,

Sikusubiri siku ya ufunguzi. Jana nilipanda basi nikaenda.

Mlinzi wenu ni kijana mwema. Alinifungulia akisema, "Mzee, umekuja kujionea jina lako?" Nikamwambia nimekuja kuangalia chini ya zulia. Akacheka mpaka akaegemea lango, akanipa na kiti cha kupumzikia. Nilipopiga magoti na kuanza kulifunua zulia, kicheko kilimwisha.

Upo ufa. Uko pale pale nilipojua utakuwepo, juu, roshani inapokutana na ukuta. Unakwenda sambamba na ukuta kutoka kona moja hadi nyingine, na ncha ya kisu changu inaingia. Nilimwomba kijana atembee polepole hadi ukingo wa mbele na kurudi. Nilikuwa nimeweka kiganja juu ya ufa. Sitakueleza nilichokisikia kiganjani, kwa kuwa wewe ni mkaguzi na unakijua.

Hilo silo lililonikosesha usingizi. Ufa ule ulikuwa umezibwa. Mtu ameujaza lipu nyeupe, akaisugua vizuri, na lipu hiyo nayo imepasuka. Mtu hawezi kuziba ufa asiouona. Kwa hiyo yuko mwenzenu aliyeuona, akaujua, akauficha, na akatandika zulia juu yake.

Je, ni wewe?

Nimemwandikia Mama Kipimo kumwomba aje na nyundo yake. Nimemwambia na dada yangu pia. Presha yake haikupanda. Kilichopanda ni sauti.

Mjomba wako

*

Jumatatu, 24 Februari

Kwa Mkaguzi Mstaafu

YAH: KUINGIA UKUMBINI BILA IDHINI NA KUHARIBU ZULIA

Ndugu,

Kamati Kuu imepokea kwa masikitiko taarifa kwamba mnamo Jumatano iliyopita uliingia katika ukumbi wa Chama, ukamlaghai mlinzi, na ukakunja zulia jipya katika namna iliyoliacha na mkunjo usiotoka.

Kuhusu ufa unaoutaja, Kamati inakujulisha kwamba ni ufa wa kawaida wa lipu, ambao hutokea katika majengo yote bora. Wakaguzi wengi wenye uzoefu wamepita juu yake bila kuuona.

Kuhusu kitendo chako cha kuwaalika watu wa kanda jirani, Kamati inakiona kuwa ni sawa na kumvua mama yako nguo mbele ya majirani. Watu hao hawana mamlaka yoyote katika kanda hii, na neno lao halitapokewa.

Kwa sababu hizo, bango lenye jina lako limeteremshwa, na mwaliko wako wa ufunguzi umefutwa. Kiti chako, ambacho kilikuwa roshani, safu ya mbele kabisa, amepewa mwanachama mwingine mwenye nidhamu.

Tunakutakia mapumziko mema.

Katibu Mkuu wa Chama

*

Jumatano, 26 Februari

Mjomba,

Safari hii sikuamkii. Nikitulia nitakuamkia.

"Je, ni wewe?" Maneno matatu. Umenilea kazini, umekula kwangu, umenishika mkono siku ya kumzika baba, na ulipopata swali la kuniuliza ukaniuliza hilo.

Si mimi. Sasa nisikilize.

Ufa ule niliuona Desemba. Nikaupeleka mbele ya Kamati, nikaomba tuwaite wa kanda jirani. Ndiyo, Mama Kipimo huyo huyo. Mkaguzi mmoja akaniuliza, "Kwa hiyo Mwenyekiti unataka kutukagua sisi?" Wakacheka hadi mmoja akashika meza. Katibu akasema, "Huyo si yeye anayesema, ni mjomba wake yumo ndani." Wakapiga kura. Uliinuka mkono mmoja tu, na ulikuwa wangu. Wiki iliyofuata ufa umezibwa na zulia limefika. Nilipouliza nani kaagiza, kila mmoja alidhani ni mwenzake. Ndivyo tulivyojenga, na ndivyo tulivyoziba.

Ulidhani ile barua ya kwanza niliiandika kwa furaha? Nilikuwa nimekaa na kalamu wiki nzima nisijue nianzie wapi. Nikakuandikia tuliruka. Nikakuandikia mara tatu. Nani anamwandikia mkaguzi mambo hayo asipotaka ayaone? Nilitaka uniulize, "Mwanangu, una tatizo gani?" Badala yake ukanihutubia. Barua yako Katibu aliikuta mezani kwangu akaisoma. Jibu langu niliandika yeye akiwa amesimama nyuma ya kiti, akinipa maneno. Ukweli ndani yake ulikuwa wa mama tu: nilikuomba usimwambie, nawe ukamwambia.

Nilikuwa na mpango wangu. Siku ya ufunguzi ningefunga ngazi ya roshani, nikatia ufunguo kwenye mkoba, nikasema kufuli limeharibika. Kwaya ingeimba jukwaani. Baadaye ningetafuta namna ya kuikarabati bila makelele. Sasa umepanda juu ya paa na kupiga tarumbeta, na wote wanaamini mimi ndiye niliyekutuma. Kwenye kikao cha jana hakuna aliyekaa karibu nami. Viti viwili kila upande, vitupu.

Umefurahi?

Mimi

*

Jumamosi, 1 Machi

Mpwa wangu,

Nilikosea kukuuliza vile. Nimelisema, na sitakuchosha kwa kulirudia.

Lakini usidhani hasira yangu imekwisha. Imepata tu anwani nyingine, na sehemu yake bado inakuja kwako.

Kufuli limeharibika! Huo ndio mpango? Utafunga ngazi, sawa, hakuna atakayepanda. Chini ya roshani kuna safu ngapi za viti? Ulipanga kumkalisha nani pale? Nimeona pia kwamba mafundi wa sauti wamefunga spika zao kwenye ukingo wa mbele, kila moja kubwa kama kabati. Zitakapopigwa, zege lile litatikisika kuliko kwa miguu ya kwaya nzima. Wewe ungekuwa umekaa jukwaani na ufunguo kwenye mkoba, ukitabasamu, ukihesabu nyimbo zilizobaki.

Na baadaye ungeikarabati bila makelele. Mwanangu, hakuna ukarabati wa nondo zilizolala chini. Hubomolewa. Hilo unalijua, ila ulitaka libomolewe siku ambayo hakuna atakayekutazama usoni.

Wale wenzako ninawajua. Nusu yao niliwafundisha, na ninaona haya ninapoandika hivyo. Siku zote wako tayari kumfungia jengo mjane aliyeongeza chumba cha kupangisha, kwa sababu dirisha lake limepungua kidole kimoja. Kwao wenyewe, macho ya sote yanatosha!

Mama Kipimo atafika Jumatano. Hana mamlaka ya kufunga mlango wenu, ila ana nyundo, na macho yake hayachagui. Jengo liko katika wilaya yako. Mwenye uwezo wa kubandika notisi ya kuzuia matumizi ni mkaguzi wa wilaya, na mkaguzi wa wilaya ni wewe.

Dada yangu amesema kwaya haitaingia. Amesema pia kwamba umeanza kukonda, na kwamba mimi ni sababu. Nilikula nilichopewa nikaosha sahani.

Mjomba wako

*

Jumatatu, 10 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Nimetulia kiasi cha kukuamkia, si zaidi.

Nakuandikia yaliyotokea kwa mpangilio, kabla hujayasikia kwa watu wa kutia chumvi.

Mama Kipimo alikuja Jumatano na msaidizi mmoja. Katibu alisimama mlangoni akamwambia, "Mama, wewe hapa ni mgeni tu." Akamjibu, "Mgeni hukaribishwa, baba, nipishe." Alitoboa roshani kwa juu, mahali pamoja, karibu na ufa. Akachimba, akachimba, hakuna kitu, ni zege tupu. Akashuka akatoboa kwa chini, na nyundo ikagonga chuma kabla vumbi halijaanguka. Zote zimelala chini, Mjomba. Ziko kama tulivyoziacha tuliporuka. Hakutucheka. Nilikuwa nimejiandaa kuchekwa, na angenicheka ningevumilia vizuri zaidi. Alifuta nyundo yake, akaniambia, "Mwenyekiti, wahi."

Kamati ikakutana jioni hiyo. Ikaamua kwamba ugunduzi wa mtu asiye na mamlaka si ugunduzi. Ufunguzi uendelee, wageni wakae mbele mbele, spika zisipigwe kwa nguvu.

Jumamosi asubuhi nilifika mapema, nikafunga milango kwa mnyororo, nikabandika notisi. Walipofika wamevaa suti, na wageni nyuma yao, na kwaya ya mama imesimama barabarani na sare bila kuingia wala kuondoka, Katibu aliisoma notisi kwa sauti hadi mwisho. Halafu akatabasamu. Akasema, "Notisi imeandikwa vizuri sana. Ila Mwenyekiti, wewe ni mwanachama. Una sehemu katika jengo hili. Kanuni hairuhusu ulikague." Wakapiga makofi! Wakaguzi, Mjomba, mbele ya jengo wanalojua litaanguka, wakapiga makofi kwa sababu kanuni imepatikana.

Sijawahi kukasirika vile. Hata kwako. Nikamwambia, "Basi kuanzia sasa mimi si mwanachama." Nikabandua beji yangu kifuani, ikang'oa na kipande cha kitambaa, nikamwekea mkononi. Nikachukua kalamu, nikaandika upya tarehe na saa chini ya notisi, nikatia sahihi mara ya pili. Nikawaambia, "Anayetaka kuukata mnyororo, aukate yeye mwenyewe, mmoja, kwa mkono wake, mbele ya watu hawa wote. Nani?"

Wakatazamana. Kila mmoja alimngoja mwenzake. Hatimaye wageni wakaanza kuondoka, na jua likawa kali, na mama akaniletea maji ya kunywa.

Nilidhani nimemaliza. Jana Katibu amenipigia simu. Alikuwa mpole kama mtu anayekuja kuposa. "Dada yangu," akaniita, yeye aliyekuwa akiniita Mwenyekiti kama anatema mchanga. Akasema katiba ya Chama inataka mwanachama anayejiuzulu akubaliwe na Kamati Kuu, na mpaka akubaliwe bado ni mwanachama. Akasema wengi hawataki kunipoteza. Amewatumia wanachama wote ujumbe wa kunisifu: mchapakazi, mwaminifu, nguzo yetu. Watu waliokwepa kiti jirani na changu wananiita nguzo!

Umeelewa wanachofanya? Wakikubali niondoke, mimi ni mtu wa nje ya Chama lakini bado mkaguzi wa wilaya, notisi inasimama, na roshani itabomolewa. Wakikataa, nimebaki mwanachama, notisi inakuwa karatasi ya kufungia sukari, na watafungua mlango wiki ijayo wakiimba. Wameitisha kura Jumamosi, na wanagombania kunipenda.

Kwa hiyo nimekuwa nikizunguka. Nimekwenda kwa mmoja mmoja nyumbani kwake, si kubembeleza. Nimemkumbusha mkaguzi wa kaskazini kibali alichompa shemeji yake. Nimemwambia yule aliyechora roshani kwamba mchoro ulikuwa mzuri na akili yake ni ndogo. Mwingine nimemwambia mbele ya mkewe kwamba nilimwona akiruka juu zaidi ya wote. Mmoja alinifungia mlango usoni, nikashukuru. Sijui kama wametosha. Watu hawa wana moyo mwepesi wa kusamehe wanapoona faida.

Usije huku kabla ya kura. Ukija, watakuonea huruma, na huruma itanirudisha ndani. Usimwandikie mtu yeyote. Bado nimekukasirikia kuhusu mama, na hilo tutalizungumza uso kwa uso, wewe ukiwa umekaa na mimi nimesimama.

Nina nyumba tano zaidi za kuingia kabla ya Jumamosi, na katika kila moja lazima nitoke nikiwa nimechukiwa. Wakishaamua, nitakuandikia.

Mpwa wako